Tupeane uzoefu: ulipojifungua mambo yakakuzidi, nani alikushika mkono?

Mama Wawili
Wanajamvi, salaam. Leo asubuhi nimempeleka mwanangu kliniki, chanjo ya wiki ya 14. Tumekaa kwenye benchi kila mtu na kadi yake, watoto wanapimwa uzito kwenye ile mizani ya kuning'iniza. Ikafika zamu ya dada mmoja mbele yangu, mdogo, hata miaka 22 sidhani. Nesi akaandika uzito, akainua macho, akamuuliza: "Na wewe mama, unalala?"

Yule dada alilia pale pale, mtoto bado ananing'inia kwenye mizani. Wengine wakatazama chini. Mimi nikamtoa mtoto kwenye ule mfuko, nikakaa naye mpaka nesi alipomwingiza mamake chumba cha ndani.

Nimerudi nyumbani sijafanya kazi yoyote, nimekumbuka uzazi wangu wa kwanza, mwaka 2019, Tabata. Nilikuwa naingia bafuni nafungulia bomba ili wifi asisikie nalia. Wageni walikuja wengi. Kila aliyeingia alimbeba mtoto, akasema kafanana na baba yake, akanywa soda akaondoka. Aliyenishika mkono ni jirani mpika vitumbua. Akimaliza biashara yake alikuwa anapita, ananipokonya mtoto kabisa, ananiambia, "Kaoge. Usiharakishe." Dakika ishirini hivi. Nilikuwa naziwaza tangu asubuhi.

Wa kwenu alikuwa nani? Na kama hakuwepo mtu, semeni pia.

Chozi la Samaki
Naweka kambi hapa. Uzi huu umenigusa.

Mke wa Mchimbaji
Mama Wawili umenitonesha kidonda. Ngoja niseme, sijawahi kulisema hili kwa mtu.

Nilijifungulia ukweni, huko Tanga ndani ndani. Mume yuko machimboni Geita, hela anatuma kwa simu ya mamake. Arobaini haijaisha mtoto akaanza kuharisha, akakonda, shingo ikawa kama ya ndege. Mama mkwe akasema mbele ya majirani, nimekaa hapo hapo nanyonyesha, "Huyu mtoto kabemendwa." Mume wangu hajakanyaga hapo tangu mimba ina miezi sita! Kubemenda ndiyo kusema mama kalala na mwanamume wakati ananyonyesha, mtoto akadhoofika. Kwa hiyo mnaelewa alikuwa anasema nini juu yangu. Tangu siku hiyo wifi zangu wakawa wananiwekea chakula mlangoni, hakuna anayeingia. Ile uji ya pilipili manga ikakoma. Maziwa yakakata. Mtoto analia usiku kucha, nami namtazama tu, sina hata hamu ya kumnyanyua. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Siku moja mchana nikamfunga mgongoni nikatoka. Sikuwa na nauli. Nikaomba konda wa basi dogo, akanishusha Segera. Nikasimama kando ya barabara kuu, malori ya mizigo yanapita yanakupepea khanga, na nikawaza jambo ambalo sitaliandika. Nilikuwa nimeshafungua fundo la mbeleko nimweke mtoto chini pembeni.

Mama mmoja anauza machungwa akaniita. "Binti, sogea kivulini, mtoto anaungua jua." Hakuniuliza nimetoka wapi. Alimenya chungwa akanipa, akamenya la pili. Nikala sita, nayakumbuka. Nilipomaliza akasema, "Sasa niambie." Jioni akaniombea nafasi kwenye basi la Moshi kwa dereva anayemfahamu, nikaenda kwa dada yangu. Hospitali wakasema mtoto ana maambukizi kwenye mkojo. Sindano siku saba, akapona. Sasa yuko darasa la tatu.

Yule mama sijui hata jina lake.

Chozi la Samaki
Nimelia kazini. Pole sana dada yangu.

Nungwi Kwetu
Neno hilo kubemenda limevunja nyumba nyingi. Mtoto akikonda, mlaumu mama.

Jembe la Mkono
Poleni, ila niseme ukweli wangu. Mama zetu walizaa kumi, wakalima, wakachota maji mtoni, hatukusikia habari za sonona. Nyie wa sasa mna jiko la gesi na dada wa kazi, bado mnalia. Mnajiendekeza.

Chozi la Samaki
@Jembe la Mkono mama yako umewahi kumuuliza?

Mama Wawili
Jembe, mama zetu walikuwa wanakaa arobaini wanakandwa maji ya moto na shangazi wawili, mtoto analelewa na ukoo. Mimi nilikuwa na chumba na sebule, siku 84 za likizo zikiisha narudi kazini, na baba mtoto sheria inampa siku 3. Usifananishe.

Jembe la Mkono
Hizo siku 3 na yeye anazitumia kufanya nini, kunyonyesha?

Mama Wawili
Kufua.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, msigombane. Nimezalisha miaka 31. Niwape ninachokijua.

Siku za mwanzo mama kulia lia bila sababu ni jambo la kawaida, wengi wanapitia, na kwa kawaida linaisha ndani ya wiki mbili. Likipita wiki mbili, hapati usingizi hata mtoto akilala, hali chakula, hana hamu na mtoto, anajiona hafai, hiyo ni sonona, ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Wengine inawaanza wakiwa bado wajawazito. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi kama zetu karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua anapata tatizo la afya ya akili. Sasa hesabu benchi la kliniki la watu ishirini.

Yapo maswali 10 yaliyotungwa Scotland, yakachapishwa 1987, mama anajaza kwa dakika tano tu, na yanatumika duniani kote. Yule nesi wa Mama Wawili alitumia moja la kwake, akapatia.

Akipatikana mapema anatibika kwa mazungumzo na kwa nyumba kumpokea mzigo. Zipo na dawa ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, daktari ndiye anayechagua. Asiachishwe mtoto ziwa kwa kuogopeshwa.

Baba Imani
Bibi mkunga, hapo ndipo mimi nilipokosea. Naomba wanaume wasome hili.

Mke wangu alijifungua salama, 2021. Siku ya tano akaacha kulala. Kabisa. Nikiamka saa nane usiku namkuta anafua. Nguo zikiisha anazilowesha zile zile zilizokauka. Nikafurahi, naomba mnisamehe, nikawaambia wenzangu mke wangu ana nguvu. Siku ya nane akaanza kuniambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto huyu siye, wamembadilisha wodini, wetu alikuwa na alama sikioni. Siku ya tisa usiku nimeamka, mlango uko wazi, mke hayupo, mtoto hayupo.

Nungwi Kwetu
Ee Mola.

Chozi la Samaki
Baba Imani endelea tafadhali, usituache hapo.

Mzaramo Halisi
Ikawaje mkuu? Mimi nimesimamisha daladala nasoma.

Baba Imani
Samahanini, network ilikata.

Tulimtafuta na majirani kwa tochi za simu. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha bodaboda, mtoto amemvika kofia mbili na soksi mikononi, amemkumbatia. Ananiambia anamsubiri yule mwanamke aje wabadilishane. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amekaa naye tangu saa saba. Hakumcheka, hakumkimbia. Alikuwa anamjibu tu, "Atakuja, tumsubiri, mama." Bila yeye sijui.

Kosa langu: nilimpeleka kwa mganga. Siku tatu. Akafukizwa moshi, akanyimwa chakula, mtoto akawa ananyweshwa maji ya sukari. Siku ya tatu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, binti wa kidato cha nne, akaniambia, "Shemeji, dada yangu akifa hapa nitasema ni wewe." Nikakodi gari usiku ule.

Alilazwa wiki tatu na nusu. Yuko vizuri leo, anauza vitenge. Mtoto ndiye Imani.

Mkunga Mstaafu
Baba Imani, Mungu akubariki kwa kusema. Hicho ni kichaa cha uzazi. Ni nadra, mmoja au wawili katika waliojifungua elfu moja, na huanza ghafla ndani ya wiki mbili za kwanza. Hakisubiri kesho. Mama hapati usingizi kabisa, anasema mtoto si wake, anasikia sauti: hospitali usiku huo huo, na mtoto asiachwe naye peke yake. Ujauzito ujao mwambieni mkunga siku ya kwanza ya kliniki, kwa sababu kinaweza kurudi.

Mtumishi wa Kweli
Msiwatishe watu. Mke wa kaka yangu aliombewa siku moja akapona. Haya mambo ni ya kiroho.

Baba Imani
Mtumishi, mimi pia ni mtu wa ibada. Niliomba nikiwa wodini. Sikuacha kuomba ili nipeleke, wala sikuacha kupeleka ili niombe.

Mtumishi wa Kweli
Hapo sina ubishi.

Mzaramo Halisi
Binti wa kidato cha nne apewe ng'ombe.

Nyuma ya Pazia
Niongeze langu fupi, la mume aliyeondoka. Mtoto ana miezi minne, akahamia kwa mwanamke mwingine, akaniambia nyumba ni yake, mimi nilikuwa nakula tu. Nilikuwa nalala na njaa nanyonyesha. Niliogopa ofisi, nikidhani lazima uwe na hela. Mwenyekiti wa mtaa akaniandikia barua nikaenda ustawi wa jamii, halmashauri. Wakamwita. Mara ya kwanza hakuja, ya pili akaja kafura. Lakini matunzo ya mtoto yalianza kuja.

Jembe la Mkono
Matunzo sawa. Ila nyumba amejenga mwenyewe, mama wa nyumbani anadai nini?

Nyuma ya Pazia
Anadai jasho lake. Dada wa msaada wa kisheria alinieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983. Mahakama ilisema kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikushinda, kwa sababu nyingine, lakini msimamo ule ndio unaotumika. WLAC na TAWLA, mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake, wanasaidia bila malipo. Na kama kuna kipigo, nenda dawati la jinsia na watoto hapo polisi.

Mwana wa Mvita
Huku kwetu Kenya, dhuluma za nyumbani piga 1195, ni bure. Mtoto akiteswa, 116, na Tanzania pia ni hiyo hiyo 116.

Nungwi Kwetu
Harare, Zimbabwe, nilisikia wana mabenchi nje ya zahanati, wanakaa bibi wa mtaani waliofundishwa kusikiliza. Daktari mmoja, Dixon Chibanda, alianza nao 2006, bibi 14. Mtu anakuja anakaa anasema. Kishona wanaita ugonjwa huo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi si tunasema mawazo yamemzidi? Ni jambo lile lile. Somo na kungwi tunao huku, tunawaita kumfunda bibi harusi tu. Akishazaa hakuna anayerudi.

Chozi la Samaki
Ushauri wangu: mama mkwe asije kabla ya miezi mitatu.

Mke wa Mchimbaji
Usiseme hivyo. Uzazi wa pili mama mkwe wa dada yangu ndiye aliyenilea. Wapo na wapo.

Jembe la Mkono
Nimerudi. Chozi uliniuliza kama nimewahi kumuuliza mama. Nimempigia jioni hii. Alinyamaza muda mrefu. Akasema baada ya kumzaa Anjelina, wa nne, alirudishwa kwao miezi saba. Mimi nilikuwa na miaka sita, tuliambiwa kaenda kuuguza bibi. Kasema alikuwa hataki kumwona hata mmoja wetu. Aliyemtoa huko ni mama yake mdogo, alikuwa analala naye kitanda kimoja kama mtoto. Ana miaka 71 na hajawahi kulizungumza.

Nilivyosema asubuhi nimekosea. Naomba radhi.

Mama Wawili
Umefanya vizuri kumpigia.

Usiku wa Saa Tisa
Samahanini nimechelewa kuuona uzi. Mimi nina wiki ya tano. Sijalala tangu juzi. Mume yuko safarini. Sina ndugu mji huu. Sijui naandika nini, mtoto analia.

Mkunga Mstaafu
Mwanangu, niko macho. Mtoto mlaze chali kitandani, mahali salama, mwache alie, wewe kanywe maji ukae mlangoni upate hewa. Kulia dakika tano hakumdhuru. Je, una mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto? Nijibu wazi, sitakuhukumu.

Usiku wa Saa Tisa
Kumdhuru hapana. Mimi nataka kulala nisiamke tu.

Mkunga Mstaafu
Asante kwa kuniambia. Asubuhi hii unaonana na daktari, na hadi hapo huwi peke yako. Uko eneo gani? Jirani yupo? Gonga mlango sasa hivi, usione haya.

Usiku wa Saa Tisa
Mbagala, Charambe. Jirani ni kijana wa kiume, naogopa.

Mama Wawili
Nimehamia Mbagala, niko Rangi Tatu. Nakuandikia faragha namba yangu, nipigie ukiona jina hili. Namwamsha mume wangu tunakuja na bajaji. Usikate simu.

Chozi la Samaki
Mama Wawili ukifika tujulishe, sisi hatulali.

Mama Wawili
Tumefika. Kaka jirani ndiye aliyetufungulia geti, naye alikuwa anasikia mtoto akilia, hakujua kama anaruhusiwa kugonga. Dada kalala. Mtoto ninaye mimi, kacheua kwenye gauni langu. Saa mbili tunaenda wote hospitali.

Mwenye kujua sehemu wanapouza ndizi za mtori mapema hivi huku Charambe aniambie.