Kuanza uandishi ukubwani: kozi, mhariri, au nichapishe mwenyewe?

Mpishi_wa_Meli:
Habari zenu wakuu. Nilikuwa mhasibu miaka mingi, nilipofika arobaini na ushee nikaacha ofisi nikaingia kwenye meli za mizigo kama mpishi. Sasa nimeshuka nchi kavu na nataka kuandika, sio kwa kupitisha muda, nataka iwe ndio kazi yangu. Akiba yangu inatosha kitu kimoja tu: kozi ya uandishi ya onlaini ya mwaka mzima, kumlipa mhariri, au kuchapisha mwenyewe moja kwa moja. Kozi wanafunga usajili mwisho wa mwezi. Nichukue ipi?

Kalamu_Mbili:
Mkuu umeuliza nusu. Muswada upo au bado uko kichwani? Ni riwaya au maisha yako mwenyewe? Bila hayo tutapiga ramli tu hapa.

Bi_Mrabaha:
Na una maneno mangapi? Riwaya nyingi za watu wazima zinacheza kwenye 80,000 hivi, na wahariri wengi wanatoza kwa urefu wa kazi.

Upepo_wa_Kusi:
Kozi ya nini jamani, mtu kaishi baharini! Joseph Conrad, yule mwandishi wa riwaya za Kiingereza, alikuwa baharia, Kiingereza chenyewe kaanza kujifunza akiwa na miaka kama 20, hakuna darasa la uandishi alilokaa. Kaacha bahari, kakaa chini, kaandika. Ukiwa na ya kusema utayasema tu.

Kalamu_Mbili:
Hapo kwenye "kaacha bahari kaandika" sikubali. Riwaya yake ya kwanza kaianza 1889 akiwa bado baharia, 1890 akaenda nayo hadi Kongo, bahari kaiacha 1894 na kitabu kikatoka 1895, ana miaka 37. Yaani aliubeba muswada miaka yote hiyo kabla haujawa kitabu. Na hakuwa peke yake, kwa mchapishaji alimkuta msomaji wa miswada, Edward Garnett, aliyemsukuma aendelee kuandika. Kwa hiyo mimi nasema mhariri.

Upepo_wa_Kusi:
Sawa kwenye miaka, lakini kozi bado hakusoma.

Bi_Mrabaha:
Ngoja niseme yaliyonikuta kabla mtu hajatoa hela yake. Nilipostaafu unesi niliandika kitabu cha zamu za usiku wodini, nikakipeleka kwa kampuni iliyojiita wachapishaji. Wiki haijaisha wakanijibu kwamba kazi ni nzuri mno wanaitaka, nikaambiwa nilipie uhariri, nikalipa, halafu jalada, halafu "kutangaza", kila nikidhani tumemaliza linakuja jingine. Vitabu vilipofika, uhariri wenyewe haukufanyika, makosa yaleyale ya kwangu yamo, sura moja imejirudia nzima na jina langu kwenye mgongo wa kitabu limekosewa herufi. Nikasema basi nikipeleke kwingine, kumbe kwenye mkataba haki zote wanazo wao, kwa lugha zote, mpaka leo. Mchapishaji wa kweli hakudai hela, yeye ndiye anakulipa mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo ya kitabu. Na kuchapisha mwenyewe ni jambo jingine kabisa, hapo haki zinabaki kwako na unamchagua mwenyewe mhariri na mpiga chapa. Mkataba usomwe neno kwa neno!

Kalamu_Mbili:
Pole sana dada. Hivi hao huwa wanaukataa muswada wa mtu yeyote kweli?

Mpishi_wa_Meli:
Asanteni, dada pole sana, nimejifunza kitu. Samahani kwa kuchelewa. Muswada ni madaftari niliyokuwa naandika jikoni usiku baada ya kuosha vyombo, sijapiga chapa hata ukurasa. Kama ni riwaya au maisha yangu ndio sijaamua, maana niliofanya nao kazi wengi wapo hai, na kuna bosi mmoja nikimwandika alivyokuwa watu watamjua tu.

Mzee_Kitabu:
Badilisha jina, meli na cheo, umemaliza.

Bi_Mrabaha:
Hujamaliza. Kama meli ina mpishi mmoja na bosi mmoja mwenye tabia hiyo, wenzake watamtambua hata ukimwita jina gani. Mimi nilimuomba ruhusa kila mtu niliyemtaja.

Mzee_Kitabu:
Ukimuomba ruhusa mtu mbaya atakupa?

Upepo_wa_Kusi:
Ndio maana nasema riwaya. Frank McCourt alifundisha shule miaka kama 30, kitabu cha utoto wake kikatoka 1996 ana miaka 66, lakini yule aliandika ya familia yake mwenyewe. Mabosi ni kesi nyingine.

Kalamu_Mbili:
Mkuu tubandikie aya moja hapa tuione, hiyo itatuambia kuliko maelezo yote haya.

Mpishi_wa_Meli:
Hii ni ya daftari la kwanza: "Bahari ikichafuka, sufuria zinafungiwa kwa vyuma juu ya jiko zisiruke. Mchuzi unajazwa nusu tu. Mkono mmoja unapika, mwingine umeshika reli, na mkate wa asubuhi unaumuka umeinama upande mmoja."

Upepo_wa_Kusi:
Huo mkate ulioinama! Kozi ya nini sasa?

Kalamu_Mbili:
Aya moja nzuri bado sio kitabu. Kwanza hayo madaftari yaingie kwenye kompyuta, mhariri utamtafuta baadaye.

Mzee_Kitabu:
Siku hizi unasoma kwa sauti simu inaandika yenyewe.

Bi_Mrabaha:
Kwa Kiswahili? Yangu inakosea kila sentensi. Unatumia programu gani mzee wangu?