Studio zinavyotuuzia kumbukumbu zetu: njia ipi ina thamani zaidi?

MkaziWaMikindani: Habari zenu ndugu. Jumamosi nilitazama The Lion King ya 2019 pamoja na wanangu, ingawa kionjo chake kilikuwa kimeshaninasa zamani: jua linachomoza, Simba mchanga anainuliwa mwambani, na baba yake, Mufasa, anazungumza kwa sauti ya James Earl Jones, ileile ya katuni ya 1994. Ninalinganisha njia tatu za studio: kuitengeneza upya hadithi ileile, kuiendeleza na mwigizaji aliyezeeka, au kuwarudisha wahusika wa zamani kwa siri. Ipi inamtendea haki mtazamaji?

BintiNachingwea: Kaka, mimi nachagua ya pili. Top Gun ya 1986, ile ya marubani wa kivita, ilipopata mwendelezo mwaka 2022, matangazo yalituonyesha koti la ngozi na pikipiki tulizozijua, lakini ndani ya filamu tukakuta miaka 36 imepita kweli. Val Kilmer, aliyekuwamo pia katika ile ya kwanza na ambaye saratani ya koo ilikuwa imemharibia sauti, anaigiza mgonjwa anayeandika maneno yake kwenye kompyuta, kisha anasimama kwa taabu na kumkumbatia rafiki yake. Nililia. The Lion King mpya iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, lakini karibu kila tukio nililijua kabla halijafika.

MzeeWaKilwa: Binti yangu, usiisahau ya tatu. Kionjo cha Spider-Man ya 2021 kilimwonyesha Alfred Molina, yule adui wa filamu ya 2004, huku Tobey Maguire na Andrew Garfield, walioigiza Spider-Man katika filamu za zamani, wakifichwa, na Garfield akikana kwenye mahojiano kwamba yumo. Mashabiki walibishana miezi mingi, na ubishi wao ukawa tangazo la bure. Tatizo ni kwamba siri ikishatoka, nguvu yake hupungua.

MwalimuNewala: Shikamoo mzee. Sisi wa huku filamu hizo tuliziona kwenye banda la video, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta likinguruma nje na mtafsiri akiongea juu ya sauti za waigizaji. Ninachokikumbuka mimi ni sauti ya mtafsiri yule, na hakuna studio inayoweza kunirudishia. Ndiyo maana nakala ya hadithi ileile hainigusi sana, ilhali uzee na ugonjwa vinamgusa hata asiyekuwa na kumbukumbu yoyote ya filamu ya kwanza.

MkaziWaMikindani: Nashukuru, mwalimu. Jumamosi ijayo nitawawekea wanangu ile ya 2022 bila kuanza na ya 1986, nione kama watanyamaza Kilmer atakaposimama.