MREJESHO: Mita kwenye mashine za zamani sasa zinasomeka zote 6

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa hili: mita 6 za umeme zimefungwa kwenye mashine za kusaga ili zisomwe na kompyuta kwa RS-485 (njia ya kupitisha data kwenye jozi ya waya), lugha ya mawasiliano ikiwa Modbus RTU. Mbili zilisomeka, nne kimya, na mawasiliano yalikatika kila mota kubwa ilipowashwa.

Kosa kubwa lilikuwa waya. Kila mita ilivutiwa waya wake hadi boksi moja, mtindo wa nyota. RS-485 inataka mnyororo: mita hadi mita, na rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili za mwisho tu. Sasa ni jozi iliyosokotwa yenye ngao, ngao imeungwa ethi upande mmoja, na waya umepita mbali na nyaya za invata (vifaa vya kubadili kasi ya mota). Kukatika kumekoma.

Zile nne zote zilikuwa na anwani 1, zikijibu kwa mpigo na kugongana. Unganisha moja moja, ipe namba yake, kisha hakikisha kasi (biti 9600 kwa sekunde) na pariti (biti ya kukagua makosa) zinafanana kote.

Namba za ajabu nazo zilitokana na jedwali la rejista (sehemu za mita zinazotunza vipimo): kitabu cha mita kinahesabu kuanzia 1, programu kuanzia 0. Punguza moja kwenye namba ya kitabu.

Mita ya 5 ilionyesha kilowati hasi. CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) ilikuwa imegeuzwa. Zima mashine kabla ya kuigusa! Waya za CT zikiachwa wazi mkondo ukipita, volti hupanda hadi za kuua.

Kilichobaki ni kuhifadhi data humohumo kiwandani intaneti inapokatika.