Masomo ya laivu ya bure mtandaoni: nikeshe nayo, au nipakue tu video?

picha_kirumba (Mwanza)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nina kibanda cha steshenari na picha za pasipoti hapa Kirumba, mwaka wa 3 sasa. Kamera ni Canon ya mtumba na lenzi ile ile iliyokuja nayo. Sijasomea popote. Aliyeniuzia alinionyesha pa kuwasha na pa kubonyeza, basi.

Nimesikia kuna masomo ya picha na kompyuta yanayorushwa mubashara bila malipo, nikajaribu moja wiki iliyopita. Bando la GB 2 likakata katikati ya somo, Kiingereza cha mwalimu kinakimbia, na mimi nilikuwa nimesimama dukani tangu asubuhi. Nikasinzia. Je, kuna aliyejifunza kweli kwa njia hii, au ni kupoteza usiku?

Kilichonisukuma ni picha za viza. Mteja anataka nyuma pawe peupe. Ukuta nimeupaka rangi nyeupe kabisa, lakini kwenye picha unatoka rangi ya majivu. Kuna mama karudishiwa fomu mara 2 kwa sababu ya picha yangu, akaja analia. Nilimrudishia hela yake, lakini mpaka leo inaniuma.

fundi_moro (Morogoro)

Kaka, achana na laivu. Nunua bando la usiku, pakua video uamke nazo. Utasimamisha, utarudisha nyuma, utamsikiliza mwalimu neno kwa neno. Mimi kuandika programu za kompyuta nimejifunza kwa CS50, masomo ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, yale ya mwalimu David Malan, yote yamerekodiwa na ni bure. Sehemu moja ya C, lugha ya kuandikia programu, nimeirudia mara 6. Kwenye laivu ningeirudia wapi?

bi_taa (Mombasa)

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa yule mama.

Fundi hapo juu amesema kweli kuhusu bando. Mimi nitasema ya upande wangu, maana riziki yangu ya leo ilianzia kwenye laivu.

Mwaka 2013 nilikuwa msaidizi katika studio moja ya harusi hapa mjini. Kazi yangu ilikuwa kubeba taa na kukunja nyaya. Kamera sikuruhusiwa kuigusa, na nikiuliza jambo naambiwa wakati wangu haujafika. Nilikuwa na miaka 26. Binamu yangu ndiye aliyenionyesha CreativeLive, iliyoanzishwa Seattle, Marekani, mwaka 2010 na mpiga picha Chase Jarvis pamoja na Craig Swanson. Mpango wao ulikuwa huu: somo likiwa hewani unatazama bure, ukitaka kubaki nalo unalipia. Mimi ya kulipia sikuwa nayo. Nilijua likipita limepita, na hilo ndilo lililonizuia kusinzia.

Saa 3 asubuhi ya Seattle ni saa 2 usiku kwetu. Lakini ikifika Machi wenzetu husogeza saa mbele, sisi hatusogezi, basi inakuwa saa 1. Mara ya kwanza sikuwa na habari hiyo. Nilifungua saa 2 na kikombe changu cha chai, nikakuta wameshatembea saa nzima. Niliumia sana usiku ule. Kwa hiyo angalia saa ya kwao kila mara, usihesabu kwa mazoea.

Sasa nikwambie kilichonifunga kwenye laivu, kisichopatikana kwenye video iliyorekodiwa: unauliza, na unajibiwa. Wakati wa somo watu waliandika maswali, na mtangazaji aliyekaa na mwalimu akayachagua na kumsomea. Mimi nilikuwa na swali lililonitesa miezi. Kwenye harusi zetu bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, mama mzazi kavaa buibui jeusi. Nilikuwa nikijaribu kwa kamera ya kuazima, na kanzu ikitoka ya kijivu, na buibui pia la kijivu. Niliandika swali langu kwenye daftari mchana, mpwa wangu akanisahihisha Kiingereza, usiku nikalituma. Likasomwa! Nilisikia "Mombasa, Kenya" likitamkwa nikasimama wima sebuleni.

Mwalimu hakujibu kwa maneno. Aliomba fulana nyeupe, akaisogelea mpaka ikajaa kwenye picha yote, akapiga. Kijivu. Akachukua koti jeusi, akafanya vile vile. Kijivu kile kile. Akaziweka pamoja kwenye skrini na huwezi kuzitofautisha. Kamera, akasema, haijui kilicho mbele yake. Kipima mwanga chake hudhani kila kitu kina weupe wa katikati, basi kikiona cheupe kingi kinapunguza, kikiona cheusi kingi kinaongeza. Wewe mwenye macho ndiwe wa kuisahihisha.

Mdogo wangu, ukuta wako ni ile fulana. Kwenye Canon yako kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye gurudumu la kamera toka kwenye otomatiki, weka herufi P au Av, kisha kwa kitufe hicho songeza hadi +1 ili picha iwe na mwanga zaidi, upige, utazame. Ukuta ukiwa bado una majivu, nenda mbele kidogo. Ukiona ngozi ya paji la uso inaanza kung'aa bila umbo, umepitiliza, rudi.

Sababu ya pili inaweza kuwa taa. Una taa ngapi, na mteja anakaa wapi?

picha_kirumba

Dada, nimesoma mara 3. Taa ni 1 tu ya stendi, iko mita 1 hivi kutoka kwa mteja. Ukuta uko mita 1 nyuma yake. Nikimsogeza ukutani kinatoka kivuli nyuma ya masikio.

bi_taa

Hapo ndipo. Mwanga wa taa kama hiyo, umbali ukiongezeka mara 2, unabaki robo. Uso uko mita 1 kutoka kwenye taa, ukuta mita 2, kwa hiyo ukuta unapata robo tu ya mwanga unaopata uso. Ukiirudisha taa nyuma mpaka iwe mita 3 kutoka kwa mteja, ukuta unakuwa mita 4, unapata zaidi ya nusu. Picha nzima itakuwa na mwanga mdogo, hivyo kamera uiweke kwenye stendi au upandishe ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kama kibanda hakina nafasi hiyo, tafuta taa ya pili hata ndogo, iweke sakafuni nyuma ya kiti, iangalie ukuta.

Kuhusu bando: shusha ubora wa video kwa mkono, usiiachie simu ijichagulie. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula kama MB 450 kwa saa. Ya megabiti 4 na nusu inakula GB 2 nzima kwa saa, na nadhani ndiyo iliyokumaliza. Mimi nilikuwa nashusha mwalimu akiwa anaongea, napandisha anapoonyesha picha. Na Kiingereza cha kazi ni maneno machache yanayojirudia. Yaandike kabla.

CreativeLive ilinunuliwa na Fiverr mwaka 2021, usiitafute kama nilivyoikuta mimi. Jaribu Adobe Live, wasanii wanachora na kuhariri hewani na kutazama ni bure. Photoshop, programu yao ya kuhariri picha, ni ya kulipia, lakini mengi wanayofanya utayafuata kwa GIMP, programu nyingine ya kazi hiyo, ambayo hulipii kitu. Ila usiingie kwenye laivu bila swali. Ukiwa huna swali siku hiyo, fuata ushauri wa fundi, lala, upakue.

hosteli_dom (Dodoma)

Sisi tuko 3 chumba kimoja, tunachangia bando na kutazama kwenye laptopu moja. Mmoja anatazama, mmoja anaandika, mmoja yuko kwenye chati na maswali yetu. Likiisha tunafanya zoezi usiku ule ule, hata kama ni saa 7. Tukisema tutafanya kesho, huwa hatufanyi.

fundi_moro

Bi Taa, kwa hilo la swali nimekuelewa. Kuna kosa moja kwenye programu ninayoiandika nimelibeba wiki 2, na video haiwezi kuniona ninapokosea.

picha_kirumba

Nimerudi. Asubuhi nimemkalisha mdogo wangu kwenye kiti kabla ya kufungua duka. Mita 3 sina, kwa hiyo nimeazima taa ya mezani ya jirani fundi saa, nimeiweka chini nyuma ya kiti. Kwenye +1 ukuta ulikuwa bado na uchafu pembe ya kushoto. Nikaweka +1 na theluthi, nikaigeuza taa kidogo. Nimeweka picha kwenye kompyuta karibu na karatasi ya A4. Sioni tofauti.

Nimempigia yule mama. Anakuja Jumamosi, hii hatalipa. Na jioni nakaa na daftari, nina swali kuhusu wateja wa miwani: taa inaonekana kwenye vioo.