Mjadala: Rais wa chuo kikuu aendelee kukaa nyumba ya 1840, au apewe posho ajitafutie?

Kisima cha Hoja: Wakuu, Chuo Kikuu cha Michigan pale Ann Arbor, Marekani, bado kina nyumba rasmi ya rais wa chuo, mtaa wa South University. Ilijengwa 1840 ikiwa moja ya nyumba nne za maprofesa. Tatu zimeshatoweka, hiyo iliyobaki ndiyo jengo kongwe kuliko yote chuoni. Tangu hapo ni kuongeza tu: ghorofa ya tatu miaka ya 1860, bawa la magharibi 1891, chumba cha vioo cha mimea 1920. Swali langu: fedha ziendelee kumwagwa pale, au rais apewe posho na jengo liwe makumbusho? Mimi nasema posho. Ukubwa wa mabwana hawa ni wa siku nyingi, James Angell, alipopewa urais wa chuo hicho mwaka 1871, aligoma kuja mpaka aahidiwe choo cha ndani.

Mama Sinyati: Choo nacho ni ukubwa? Mtu anatoka Vermont na familia yake, anaambiwa Januari akajisaidie nje kwenye theluji, na wewe unaona sawa. Halafu huyo Angell alikaa madarakani miaka 38, hadi 1909. Gawanya bei ya choo kwa miaka 38 uone kama kuna cha kupigia kelele.

Kisima cha Hoja: Mama, sikusema choo ni kibaya. Nimesema kuweka masharti.

Mama Sinyati: Umesema "ukubwa". Maandishi yako hayo hapo juu.

Risiti Mkononi: Mnapigania choo, hesabu mmeiacha. Posho ni kipato, inakatwa kodi. Nyumba haikatwi kama imetimiza masharti matatu ya kifungu cha 119 cha sheria ya kodi ya Marekani: iwe kwenye eneo la mwajiri, iwe kwa manufaa ya mwajiri, na kukaa humo kuwe sharti la ajira. Ndiyo maana mikataba ya marais huandikwa "atatakiwa kuishi", haiandikwi "anaweza kuishi". Ukimpa posho, bodi itamwongezea na ya kufidia kodi. Mfano mnao: 2008 rais wa Chuo Kikuu cha California, Mark Yudof, hakuingia Blake House, nyumba rasmi ya rais, kwa sababu ilikuwa mbovu, chuo kikampangia nyumba Oakland kwa zaidi ya dola 13,000 kwa mwezi. Na Blake House ikabaki bila rais ndani yake.

Nyundo ya Bei Poa: Shida yenu mnapenda ukarabati wa mbwembwe. Kuta za Ann Arbor ni tofali lililopigwa lipu, lipu ikachorwa mistari ionekane kama mawe. Bandua yote, piga saruji moja kwa mchanga nne, paka rangi ya plastiki, miaka thelathini husikii kitu. Mnaifanya kama upasuaji wa moyo.

Mwashi wa Shangani: Toba! Bwana Nyundo, hiyo ndiyo njia ya kuliua jengo. Tofali la 1840 ni laini, linakunywa maji na kuyatoa. Ukilivika saruji, nyufa nyembamba kama unywele zinaingiza mvua lakini maji hayapati pa kutokea. Ikija baridi yanaganda, barafu inatanuka kama asilimia tisa, uso wa tofali unachomoka vipande. Lipu yako nzima imesimama, nyuma yake unga. Unakuja kujua inapodondoka na nusu ya tofali. Mji Mkongwe wa Zanzibar hakuna barafu, lakini saruji juu ya mawe ya matumbawe inafungia unyevu vilevile, na ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta.

Nyundo ya Bei Poa: Ndiyo maana Beit el Ajaib, lile jumba la kale la huko huko, lilianguka sehemu likiwa na chokaa yenu?

Mwashi wa Shangani: Usilitaje usilolijua. Jengo lile la 1883 lina nguzo za chuma na mihimili ya chuma ndani yake, lina maradhi yake tofauti. Tuzungumze ukuta wa tofali.

Risiti Mkononi: Una uhakika gani kuwa ya Ann Arbor ni chokaa tupu? Saruji asilia, ile ya kuchoma mawe ya chokaa yenye udongo, ilikuwepo Marekani, Mfereji wa Erie umejengewa hiyo na ulikamilika 1825.

Mwashi wa Shangani: Swali zuri, na jibu lake halipatikani kwa kubishana. Saruji ya Portland, hii ya kawaida ya leo, 1840 ingetoka ng'ambo, David Saylor wa Pennsylvania kapata hataza ya kuitengeneza Marekani 1871. Ya asilia inawezekana. Unakata kipande cha lipu ukubwa wa kiganja sehemu isiyoonekana, na kingine kwenye kila bawa, maana 1891 si 1840. Maabara wanayeyusha chokaa kwa asidi, mchanga unabaki, wanauchekecha kupata ukubwa wa punje. Mchanganyiko mpya unaufuata ule, usiwe mgumu kuliko tofali.

Kisha gonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Panapolia debe tupu pamebanduka, weka alama ya chaki. Bandua hapo tu, palipo pazima usiguse. Lowesha tofali jioni na asubuhi yake, liwe bichi lakini lisichuruzike, likiwa kavu litanyonya maji ya lipu na lipu itageuka vumbi. Chokaa moja, mchanga mkali tatu, unene usizidi milimita 10 kwa tabaka. Ukipiga nene kwa mkupuo mmoja linapasuka. Kwaruza, subiri wiki au zaidi, piga la pili, la juu liwe jembamba la mchanga laini ndipo uchore mistari. Ning'iniza magunia mabichi. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi acha kazi. Kwa Ann Arbor anza Mei, Septemba uwe umemaliza, kwani chokaa inahitaji majuma kadhaa ya hewa kabla ya kuonja barafu.

Mama Sinyati: Na gata mmezisahau. Paa la ile ghorofa ya miaka ya 1860 limetokeza nje sana. Joto la ndani linayeyusha theluji juu, maji yanaganda ukingoni, yanayofuata yanazuiwa na barafu hiyo, yanarudi chini ya paa na kushuka ukutani. Utapiga lipu kila baada ya miaka mitano bure. Kwanza ziba mianya inayopitisha joto darini, weka kizuia joto, hakikisha hewa inapita.

Nyundo ya Bei Poa: Maneno mazuri. Zabuni anashinda wa bei ya chini, na wa bei ya chini anakuja na mifuko ya saruji.

Risiti Mkononi: Basi andika kwenye zabuni: mkandarasi apige kwanza sampuli ya mita moja kwa mita moja, ikae hadi ikauke, ikaguliwe ndipo alipwe awamu ya kwanza.

Mwashi wa Shangani: Na afunguliwe pipa la chokaa mbele ya mkaguzi. Iwe imezimwa na kulala chini ya maji miezi mitatu. Ya juzi ina punje hazijazimika, zitalipuka ukutani zenyewe, na mkandarasi atasema ni barafu.

Nyundo ya Bei Poa: Miezi mitatu? Kwa hiyo tunanunua Februari kazi ya Mei.

Mwashi wa Shangani: Januari. Februari umeshachelewa.