Kutoka 33: mstari wa 11 "uso kwa uso", mstari wa 20 "huwezi kuniona". Inakuwaje?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Alhamisi jumuiya yetu hapa Kimara tunasoma Kutoka 33 na mimi ndiye naongoza. Mstari wa 11 Bwana anasema na Musa uso kwa uso, kama mtu na rafiki yake. Mstari wa 20 anamwambia huwezi kuniona uso wangu, maana mwanadamu hataniona akaishi. Yohana 1:18 ndiyo inafunga kabisa: hakuna aliyemwona Mungu wakati wowote. Sasa Yakobo, Isaya na wale wazee sabini waliona nini? Swali hili linarushwa sana kwenye mihadhara ya uwanjani kati ya Wakristo na Waislamu, na "mambo ya Mungu hayachunguziki" si jibu. Naomba hoja zenye mistari.

Karani wa Sinai
Usianzie mstari wa 11, anzia wa 9. Musa akiingia hemani, nguzo ya wingu inashuka na kusimama mlangoni, ndipo Bwana anasema naye. Watu wanaona wingu. Umbo la Mungu halitajwi hapo.

Kisha wapeleke Kumbukumbu 5:4: Bwana alisema na Israeli wote uso kwa uso mlimani, toka kati ya moto. Rudi sura moja nyuma, 4:12: sauti mliisikia, umbo lolote hamkuliona. Kitabu kilekile, tukio lilelile. Kwa hiyo "uso kwa uso" ni ukaribu wa mazungumzo, siyo macho kutazama sura. (Usiseme "bila mtu wa kati", maana 5:5 Musa anasema alisimama katikati. Lazima atatokea mtu wa kukubana hapo.) Mazungumzo Musa alikuwa nayo tayari, katika 33:18 anaomba zaidi, aonyeshwe utukufu. Anapewa ufa wa mwamba, mkono wa kumfunika, na kuona nyuma.

Mzee wa Hoja
Sawa mkuu, ila dawa hiyo inatibu sura ya 33 tu. Kutoka 24:9-11 haiponi. Musa, Haruni, Nadabu, Abihu na wazee sabini wanapanda, wanamwona Mungu wa Israeli, wanakula na kunywa. Hapo hakuna mazungumzo ya kusingizia. Ni kuona, na limetajwa mara mbili.

Tazama lakini mwandishi anaeleza nini: miguu, na chini yake kama sakafu ya yakuti samawi. Kuanzia miguu kwenda juu, kimya. Isaya 6:1 anaona kiti cha enzi na pindo za vazi. Uso haelezi, na hata maserafi wamejifunika nyuso. Ezekieli 1:28 anasema "mfano" wa utukufu, hathubutu zaidi.

Kingine, kila anayeona anashangaa kubaki hai. Yakobo, Mwanzo 32:30: nafsi yangu imeokoka. Manoa, Waamuzi 13:22: hakika tutakufa, mkewe ndiye anamtuliza, kwamba Bwana angetaka kutuua asingepokea sadaka. Kutoka 24:11 yenyewe inasema Mungu hakuweka mkono wake juu ya wakuu wale. Maana yake waandishi wanaijua kanuni ya 33:20 na wanasimulia wakiwa nayo kichwani. Kuwaona kama watu waliojisahau ni kuwaonea.

Mleta mada
Nashukuru. Vipi jibu la "walimwona Mwana, hawakumwona Baba"? Ndilo nililofundishwa.

Karani wa Sinai
Lina mashiko: Yohana 6:46, pia 12:41 inayosema Isaya aliuona utukufu wa Kristo. Justin Martyr, mwandishi wa Kanisa la mwanzo, alilitumia karne ya 2. Ila lisibebe mzigo wote. Aliyesema "huwezi kuniona" ndiye yuleyule aliyeongea na Musa hemani; kama ni Mwana, basi Mwana naye haonekani. Na Danieli 7 anamwona Mzee wa Siku ameketi, halafu mstari wa 13 mfano wa mwanadamu anamwendea. Aliyeketi pale utamwita Mwana? Augustine, mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alipinga kusema kwamba kila Mungu alipoonekana alikuwa Mwana peke yake, akihofia ataonekana ana asili ya chini kuliko Baba.

Msoma Pembeni
Mbona hakuna anayetaja vyanzo, yaani simulizi tofauti zilizounganishwa kuwa kitabu hiki? Hema ya 33:7 ipo nje ya kambi, wakati maskani, hema kuu la ibada, inasimamishwa sura ya 40. Wasomi wengi wanaona 33:7-11 ni simulizi iliyojitegemea, ikaunganishwa na nyingine. Mhariri aliziacha jirani bila kuzilainisha.

Mzee wa Hoja
Hilo linaeleza zilifikaje hapo. Jumuiya itauliza zinasomwaje zikiwa pamoja.

Mleta mada, kama muda ni saa moja, tumia nusu kwa Kumbukumbu na Kutoka 24. Kumwona kunakokuja (Mathayo 5:8, 1 Yohana 3:2, Ufunuo 22:4) weka mwisho, maana 33:20 inamhusu mwanadamu wa sasa. Na kwa mhadhara, Al-A'raf 143 ya Kurani ina ombi hilohilo: Musa anaomba kumwona Mola wake, anaambiwa hutaniona, mlima unasagika, naye anaanguka amezimia. Anayeijua aya hiyo hatakusumbua kwenye 33:20. Atakubana kwenye 24:10, jiandae hapo.