Mafundi sola mnaua betri zetu kwa mikono yenu halafu mnatuambia "betri feki hiyo, nunua nyingine"

Wakuu habari zenu, naomba mnivumilie uzi ni mrefu na nina hasira kweli.

Mi nilifunga sola miezi 14 iliyopita, umeme wa gridi haujafika kwangu. Betri nne za maji (zile zenye vifuniko vya kuongezea maji), kila moja volti 12 na Ah 200 (ampea-saa, yaani ujazo wa betri), zimefungwa mbili mbili kwa mfululizo kupata 24 halafu jozi mbili sambamba. Fundi alikuja na wenzake wawili, wakapandisha paneli, wakavuta waya, taa zikawaka, wakala hela yao wakaondoka na neno la mwisho likawa "bosi hapa huna cha kufanya, inajiendesha yenyewe". Hilo neno ndo limeniua. Hakuna betri ya maji inayojiendesha yenyewe, hakuna, na fundi yeyote anayemwambia mteja hivyo anamdanganya.

Mwezi wa tisa hivi inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani) ikaanza kulia kwamba betri imeisha saa nne usiku, baadae saa tatu, baadae saa mbili. Asubuhi giza. Nampigia fundi anasema mawingu. Mawingu gani ya miezi mitatu? Nikaleta wa pili, huyu hakutoa hata mita mfukoni, akaangalia taa ya kijani kwenye chaji kontrola (kifaa kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) akasema chaji inaingia vizuri, akafungua vifuniko vya betri moja akaona maji yako chini, akatoa chupa akamimina. Nikamuuliza maji gani hayo, akasema "maji ya betri". Kumbe ni asidi!!

Hapa nataka niseme taratibu kwa sababu hili jina linaharibu mali za watu kila siku. Kuna chupa ya asidi na kuna chupa ya maji matupu yasiyo na chumvi, yale yanayotokana na mvuke, na zote mbili watu wanaziita maji ya betri. Betri ikichaji maji yanapasuka yanakuwa gesi yanapotea hewani, ila asidi inabaki humo humo ndani. Kwa hiyo kilichopungua ni maji, na kinachorudishwa ni maji basi. Ukiongeza asidi unaifanya iwe kali kupita kiasi inatafuna pleti (vibao vya ndani ya betri), na pia unaharibu kipimo, ukija kuweka haidrometa (kifaa cha kupima uzito wa asidi ya betri) inakusomea betri imejaa wakati iko taabani. Na mwenzenu hicho ndicho kimenikuta kwenye betri namba nne, mpaka leo siwezi kujua hali yake kwa haidrometa.

Wa tatu ndo alinichefua kabisa. Kafika, kaangalia dakika tano, "betri feki hizi, toa mbili weka mpya mbili". Mbili mpya zikae na mbili zilizochoka? Kwenye mfululizo ile iliyochoka inajaa haraka na kuisha haraka, inachemshwa kila siku wakati mpya haijashiba, baada ya muda mfupi mpya nayo inakuwa mzee. Nikamwambia asante nenda.

Ndo nikaamua kukaa nisome mwenyewe, nikanunua mita na haidrometa. Nilichokikuta kinauma.

Kwanza paneli. Betri zangu ni Ah 400 kwa volti 24. Betri za maji zinataka chaji ya karibu asilimia 10 ya Ah zake, yaani ampea 40, ambayo ni paneli za kama wati 1,100 hadi 1,200. Mimi nimefungiwa wati 600! Jua kali kabisa saa sita mchana naona ampea 20 na kitu. Friji, taa, TV na pampu ndogo vinakula kama wati-saa 2,500 kwa siku ukijumlisha saa zake zote, na paneli za 600 kwenye saa tano za jua zuri zinatoa 3,000, toa upotevu wa betri na inveta unabaki na 2,200 hivi. Sa hapo betri itajaa lini? Haijawahi kujaa hata siku moja tangu ifungwe!! Hiyo ni hesabu ya kalamu na karatasi, fundi angeifanya kabla hajapanda juu ya paa.

Pili kontrola. Ilikuwa kwenye setingi ya betri za jeli, aina nyingine kabisa, yaani inakata kwenye 28.2, wakati betri za maji zinataka 28.8 mpaka 29.6 na zikae hapo saa kadhaa kabla haijashuka kwenye floti (chaji ndogo ya kuishikilia betri iliyojaa) ya 27 na kitu. Yaani hata hicho kidogo kilichokuwa kinaingia kinakatwa mapema. Setingi ni kubonyeza vitufe viwili. VIWILI.

Tatu inveta imeachwa ikate kwenye volti 21, yaani 10.5 kwa kila betri. Hapo betri imeshaisha chaji kabisa. Betri ya maji ikipumzika bila mzigo saa kadhaa ukapima 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, 11.9 kushuka chini unaiumiza. Ukitaka ikae miaka usiivushe nusu mara kwa mara. Mimi ilikuwa inashushwa mpaka chini kila usiku halafu haijazwi mchana. Betri ikitoa umeme pleti zake zinajifunika salfeti, ukichaji mapema inayeyuka inarudi, ukiiacha na njaa siku nyingi inageuka fuwele ngumu nyeupe ambayo haitoki tena. Hicho ndo kinachoitwa betri feki. Haikuwa feki, ilikufa kwa njaa.

Nne waya za kwenda kwenye inveta zote mbili zimetoka kwenye jozi moja. Jozi ya mbele inafanya kazi yote, ya nyuma inasindikiza. Chanya ilitakiwa itoke jozi ya kwanza na hasi itoke jozi ya mwisho, waya ule ule, gharama ile ile!

Halafu zimewekwa kistoo hakina hata tundu, joto lake ukiingia unatoka jasho. Kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakula kama nusu ya maisha ya betri, na ile gesi inayotoka wakati wa kuchaji ni haidrojeni, ikifika asilimia 4 ya hewa cheche moja tu inalipua. Na ninyi mmeweka inveta juu yake.

Nilivyofanya: nikatenganisha betri zote, nikaziacha usiku, asubuhi nikapima moja moja. Tatu zilisoma 12.1 na 12.2, haidrometa 1.190 mpaka 1.200 na seli zote sita (vyumba vya ndani ya betri) zinakaribiana, maana yake zina njaa tu. Ya nne 10.6. Ukiona betri imepungua kama volti 2 kamili jua seli moja imekufa, hiyo usihangaike nayo. Nikazima friji, nikaazima jenereta na chaja, nikavaa miwani na glovu, nikazichaji moja moja mpaka 14.8 nikaiacha hapo mpaka ampea zikashuka zikatulia, halafu nikazipa chaji ya kusawazisha volti 15.5 saa mbili, mlango wazi, mzigo wote umetolewa, napima kila nusu saa. (Hii ni kwa betri za maji tu, betri kavu usithubutu utaivimbisha.) Mbili zimepanda mpaka 1.260, moja imegoma kwenye 1.235. Maji nikaongeza mwishoni baada ya chaji, maana ukijaza kabla yanapanda yanamwagika. Kabla unaweka tu ya kufunika pleti kama ziko wazi.

Kwa hiyo betri tatu kati ya nne ambazo yule fundi wa tatu aliziita feki zinafanya kazi sasa hivi ninavyoandika, mbili kwenye mfumo na moja pembeni, hazina nguvu ya upya lakini friji inawaka usiku kucha.

Hii teknolojia ni ya 1859, Gaston Planté ndo aliileta, sio kitu cha jana mtu aseme bado tunajifunza. Haidrometa ni kifaa cha bei ndogo na watatu wote waliokuja hakuna aliyekuwa nayo.

Mafundi mliomo humu msije kunijibu kwamba mteja alikataa kununua paneli za kutosha, mimi sikuambiwa. Ningeambiwa 600 haitoshi ningesubiri nikajipanga.

Ninachotaka kujua, kuna fundi humu anayekabidhi kazi akiwa ameandika kwenye karatasi setingi za kontrola, volti ya kukata inveta na tarehe ya kuangalia maji, na anayepima seli kabla hajasema betri imekufa? Ajitokeze hapa chini, ndugu yangu anafunga mwezi ujao na hela yake ni ya kukopa.